Piano Haitwikwi

Piano ya kwanza maishani mwangu niliigusa kwa bega.

Ilikuwa Lilongwe, mtaa wa Area 47, enzi ambazo mgongo wangu bado ulikuwa unakodishika. Mwenye nyumba alikuwa anahama nchi, nasi vibarua wanne tukapakia lori tangu asubuhi: makochi, friji, magodoro, maboksi ya vyombo. Hivyo vyote vilitoka upesi. Mwishowe tukafika sebuleni, kwenye kabati jeusi la mbao lililoegemea ukuta. Mimi nilidhani ni kabati kweli. Nikaweka bega, nikasukuma. Halikusogea hata upana wa kidole, ila tumboni mwake ukatoka mngurumo mzito, kama wa mzee aliyeamshwa kabla ya saa yake. Nikaruka nyuma. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Tukaita wanaume wengine wawili. Tukapitisha kamba chini yake, tukalaza mbao juu ya ngazi za mlangoni, tukaanza kuishusha. Kila tulipoitikisa, ilinung'unika. Binti wa mwenye nyumba, wa miaka kama 10, alitembea pembeni yetu akituambia "pang'onopang'ono", yaani polepole kwa Kichewa, na macho yake yalikuwa kwenye mikono yetu, si kwenye nyuso zetu. Ilipoingia kwenye lori alipanda, akainua kifuniko, akabonyeza kibao kimoja tu, akasikiliza mpaka sauti ikaisha, akafunika. Nadhani alikuwa anaiuliza kama imeumia.

Jioni ile nikirudi Dzaleka kwa minibasi, bega likiwaka moto, nilijikuta nawaza habari ya mizigo. Ninyi wajukuu zangu mnaoishi hapa mnajua ninachosema, lakini huenda hadithi hii ikamfikia mtoto wa Mwanza au Mombasa, kwa hiyo nieleze. Dzaleka ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994. Kabla ya hapo palikuwa gereza, ambapo serikali ya Kamuzu Banda iliwafungia watu wa siasa. Hata jina lenyewe lina harufu ya gereza: kwa Kichewa kuleka ni kuacha, na Dzaleka hufasiriwa kuwa "nitaacha, sitarudia tena". Leo tunaishi hapa zaidi ya watu elfu 50, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Ethiopia na Somalia, mahali palipopangiwa watu elfu kumi na kitu. Kiswahili ndicho kinachotusaidia kugombania foleni ya maji.

Na kila nyumba hapa ina hadithi ya mzigo. Mmoja alitoka Uvira na sufuria mkononi na mtoto mgongoni. Mwingine alivuka ziwa na cherehani yake. Jirani yangu alitembea na gitaa kutoka Burundi, nyuzi mbili zikiwa zimekatika, na mpaka leo hataki mtu aliguse. Ngoma utaibeba. Filimbi utaitia mfukoni. Lakini piano haitwikwi kichwani, wala haibebwi mgongoni, wala haipiti dirishani usiku. Basi mpiga piano, siku ya kukimbia ikimkuta, anaondoka na nini?

Swali hilo nilikaa nalo miaka. Aliyenijibu ni mama mmoja wa Kihabeshi anayeuza kahawa karibu na soko.

Mkitaka kumwona akifanya kazi, nendeni asubuhi. Anakaanga buni kwenye kikaango kidogo mpaka zinameta, anapitisha moshi wake puani mwa kila mteja kama mtu anayebariki, anazitwanga, kisha anachemsha kwenye jebena, ile birika yao nyeusi ya udongo yenye shingo ndefu. Kahawa yao hunywewa mara tatu. Duru ya kwanza inaitwa abol. Ya pili, tona. Ya tatu, baraka, na hapo sisi Waswahili hatuhitaji mkalimani. Siku moja, kati ya duru ya pili na ya tatu, simu yake ilikuwa inalia muziki pale kwenye kigoda. Piano tupu. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Ilikuwa kama mtu anayetembea peke yake njiani, mara anaharakisha, mara anasimama kutazama kitu, mara anakumbuka jambo anarudi nyuma hatua mbili. Nikamuuliza, "Mama, huyu ni nani?" Akasema, "Huyu ni mtawa wetu. Emahoy." Kisha akaanza kunisimulia.

Emahoy si jina, ni cheo cha heshima cha mtawa wa kike, kama sisi tunavyosema Sista au Mama. Jina lake la kitawa lilikuwa Tsegué-Maryam, na jina alilopewa alipozaliwa Addis Ababa, tarehe 12 Desemba 1923, lilikuwa Yewubdar Gebru. Alizaliwa katika nyumba kubwa. Baba yake, Kentiba Gebru Desta, alikuwa msomi na mtu wa serikali. Hilo neno kentiba nalo ni cheo, maana yake meya, kwa kuwa aliwahi kuushika mji wa Gondar. Binti yake akiwa na miaka 6 tu alimpeleka Uswisi, pamoja na dada yake Senedu, wakasome shule ya bweni. Miaka 6, wajukuu! Umri ambao hapa bado mnalia mkitumwa dukani gizani.

Huko Uswisi ndiko alikojifunza fidla, ile ya kuegemeza shingoni, na piano pia. Mwaka 1933 akarudi nyumbani, akaingia shule ya wasichana ya Addis Ababa yenye jina la Malkia Menen. Yangeendelea hivyo, angekuwa binti wa tabaka la juu apigaye piano kwenye sherehe za ikulu, na mimi nisingekuwa na hadithi.

Oktoba 1935 majeshi ya Italia ya Mussolini yakavamia Ethiopia. Mei 1936 wakauteka mji mkuu. Mwaka uliofuata familia ile ikakamatwa. Baadhi ya jamaa zake waliuawa. Yeye na wenzake wakapakiwa melini kama wafungwa wa vita, wakapelekwa Asinara, kisiwa kidogo kando ya Sardinia, na baadaye Mercogliano, karibu na Napoli. Alikuwa na miaka 13. Hesabuni vidole: darasa la saba au la nane.

Hapa nilimkatiza mama wa kahawa. Nikamwambia, kumbe huyu ni mwenzetu. Akanitazama kama mtu aliyechelewa kufika mkutanoni, akamimina duru ya tatu.

Kuhusu hicho kisiwa cha Asinara nina jambo moja dogo la kuwaambia kabla hatujaendelea, kwa sababu najua mtalipenda. Kilikuwa kisiwa cha gereza kwa miaka mingi, lakini siku hizi ni hifadhi ya taifa, na kinajulikana kwa punda wadogo weupe pe, wanaotembea humo bila bwana. Gereza letu likawa kambi ya watu, gereza lao likawa malisho ya punda. Sitasema nani kapata bahati zaidi.

Sasa tusimame kidogo, niwaoneshe kilichomo ndani ya lile kabati nililolisukuma kwa bega, maana bila hivyo hamtaelewa huyu msichana alinyimwa nini.

Piano ina vibao 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Mtu akibonyeza kibao, hagusi uzi wenyewe. Kibao kinainua vijiti, vijiti vinarusha kinyundo kidogo kilichovikwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, kinyundo kinagonga nyuzi za chuma na kurudi mara moja, ili kisiuzime mlio kilioutoa. Ukiachia kibao, kipande kingine cha kitambaa kinarudi na kuunyamazisha uzi. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Nyuzi ni zaidi ya 200, na zimekazwa sana: ukijumlisha mvuto wake wote unafika karibu tani 20, mzigo wa lori kubwa la mahindi. Ndiyo maana ndani pana fremu ya chuma, na ndiyo maana vibarua wanne hawakutosha.

Fundi aliyeitengeneza ya kwanza, Mwitalia aitwaye Bartolomeo Cristofori, alikuwa akifanya kazi Florence karibu na mwaka 1700. Vinanda vingi vya kabla yake vilikuwa na aibu moja: uguse kwa upole, uguse kwa hasira, sauti ilikuwa ileile. Chake kilisikia mkono. Ukikipapasa kinanong'ona, ukikipiga kinafoka. Ndiyo sababu kikaitwa kwa Kiitalia pianoforte, yaani taratibu-na-kwa-nguvu, halafu watu kwa uvivu wakakata mkia wa jina, wakabaki na "taratibu" peke yake. Kitu kizito kuliko vyote jukwaani kinaitwa Taratibu. Yule binti wa Area 47 na pang'onopang'ono yake alikuwa anajua, nadhani, bila kuambiwa.

Na kuna jambo jingine kuhusu wapiga piano wa matamasha, wale wanaovaa nguo nyeusi na kuinama mbele ya watu kabla ya kukaa. Mpiga fidla anasafiri na fidla yake, analala nayo chumba kimoja, anaijua kama unavyojua kisu chako cha jikoni. Mpiga piano anafika mji wa ugenini mikono mitupu. Anakuta piano ya watu. Moja ina vibao vizito, nyingine inateleza, ya tatu ina mlio mkali juu na mzito chini, na jioni ukumbi utajaa na lazima wapatane. Alikuwepo mmoja, Vladimir Horowitz, aliyepata umaarufu mkubwa kiasi cha kusafirishiwa piano yake mwenyewe kutoka Marekani. Lakini wa namna hiyo ni wachache. Waliobaki ni wageni. Wanabisha hodi kwenye chombo cha mwingine kila usiku, na muziki wenyewe hawaushiki hata kwenye karatasi, maana desturi ya jukwaa ni kupiga kwa kichwa, kurasa zote zikiwa zimehifadhiwa kwenye vidole. Nikifikiria hivyo naona kazi hiyo ingewafaa sana watu wa Dzaleka.

Turudi kwa Yewubdar. Vita vilipokwisha alikwenda Cairo kusoma kwa mwalimu wa fidla kutoka Poland, Alexander Kontorowicz. Alifanya mazoezi saa tisa kwa siku, akizigawa kati ya piano na fidla. Mkisikia mtu anaitwa kipaji, ulizeni kwanza saa. Lakini joto la Cairo lilimshinda, akaugua, akarudi Addis Ababa; mwalimu naye alikuja kuongoza bendi ya Walinzi wa Mfalme.

Kisha ukaja mlango mkubwa. Chuo cha muziki cha kifalme cha London, Royal Academy of Music, kilimpa nafasi. Huo ndio mlango ambao wapiga piano wa dunia nzima wanauota. Na nyumbani kwao wakubwa wakakataa kumpa ruhusa ya kusafiri. Kwa nini, mwenyewe hakupenda kulieleza sana hadi uzeeni. Alichofanya ni kugoma kula. Siku zikapita akinywa kahawa tu. Alidhoofika mpaka akapelekwa hospitali, mpaka kasisi akaletwa kama kwa mtu anayeaga dunia. Akalala usingizi mrefu. Alipoamka, ile kiu ya London ilikuwa imeondoka. Badala yake alitaka utawa.

Nikiwasimulia hapa watoto hugawanyika. Wavulana husema angetoroka. Mmoja wenu mwaka jana aliniambia, "Babu, mimi ningepitia Msumbiji." Wasichana hunyamaza zaidi. Mimi mwenyewe sehemu hii hainipendezi. Natamani niwaambie alikwenda London, akapigiwa makofi, gazeti likaandika. Ila hakwenda, na hadithi ya mtu si mali yangu niikate ninapotaka.

Akapanda Gishen Maryam, monasteri ya huko Wollo, juu ya mlima wenye umbo la msalaba. Huko alikaa miaka kama 10, akitembea bila viatu juu ya mawe, muziki ameuweka kando. Fikirini vidole vilivyozoea saa tisa za mazoezi, sasa vinachota maji na kufunua kitabu cha sala. Miguu ikaota vidonda. Mwishowe akashuka, akarudi kwa mama yake, na akakaa tena mbele ya piano.

Je, vidole vilikumbuka? Vilikumbuka, lakini vilikuwa vimebadilika, na hapa ndipo mimi naona hasara ya London iligeuka kuwa kitu kingine. Miaka ya 1960 alikwenda Gondar kusoma nyimbo za kale za kanisa la Ethiopia. Nyimbo hizo husemwa ni za Mtakatifu Yared, aliyeishi karne ya 6. Wahabeshi wanasimulia kwamba Yared alipokuwa mtoto alishindwa masomo, akachapwa, akakimbia. Akakaa chini ya mti, akaona kiwavi anapanda shina. Anaanguka, anaanza. Anaanguka, anaanza. Kiwavi alipofika juu, Yared akarudi kwa mwalimu wake. (Kiwavi huyo, kwa maoni yangu, ndiye mwalimu asiyelipwa mshahara kuliko wote Afrika Mashariki.)

Pale Gondar Emahoy aliwaona vijana wanaosomea uimbaji huo. Wanatoka mbali, hawana kwao, wanaomba chakula nyumba kwa nyumba, usiku wanalala nje karibu na lango la kanisa. Hakuwa na fedha za kuwapa. Alikuwa na mikono. Mwaka 1967 akarekodi sahani yake ya kwanza ya santuri huko Ujerumani, kwa msaada wa Mfalme Haile Selassie, na mapato ya zilizofuata yakaenda kwa yatima waliofiwa na baba zao vitani. Vipande vyake ni vyake mwenyewe, alivyovitunga. Kimoja jina lake ni mzururaji asiye na makao. Mama wa kahawa alinionesha kwenye simu, na ndicho nilichokisikia siku ile ya kwanza.

Mkivisikiliza mtasikia watu wawili ndani ya mtu mmoja. Mkono umesomeshwa Uswisi na Cairo, umewapitia Mozart na Beethoven na Chopin. Lakini njia inayofuatwa ni ya nyumbani. Muziki wa Ethiopia una ngazi zake za sauti tano, na moja wanaiita tizita. Neno hilo kwa Kiamhari ni kumbukumbu, lakini ile ya kuuma, ya kukumbuka mtu au mahali ambapo huwezi kufika tena. Sisi tungesema majonzi, tungesema hamu. Hakuna moja linalotosha. Babu zenu wote wana tizita, hata kama hawajui inavyoitwa.

Mfalme akapinduliwa mwaka 1974, mambo yakawa magumu kwa watu wa kanisa na wa nyumba kubwa. Mwaka 1984 Emahoy akahamia Yerusalemu, kwenye monasteri ya Wahabeshi. Chumba kidogo: kitanda, picha ukutani, piano. Hakuwa mtu wa matamasha. Dunia ilimkuta pale pale chumbani, tena kwa kuchelewa, baada ya mwaka 2006, pale nyimbo zake zilipotolewa Ufaransa kwenye mfululizo wa muziki wa Ethiopia uitwao Éthiopiques, juzuu ya 21. Alikuwa na miaka 82. Alifariki Yerusalemu tarehe 26 Machi 2023, akiwa na miaka 99, na watu ambao hawajawahi kufika Ethiopia walilia.

Kama mnataka yule wa suti nyeusi na ukumbi uliojaa, yupo pia, naye ni Mhabeshi: Girma Yifrashewa. Alizaliwa Addis Ababa mwaka huohuo wa 1967 ambao Emahoy alirekodi sahani ya kwanza. Utotoni alipiga kirar, zeze lao la nyuzi sita. Piano alikutana nayo akiwa na miaka 16, alipoingia shule ya muziki ya mji ule, ambayo imepewa jina la nani? La Yared, yule wa kiwavi. Miaka 16 ni kuchelewa sana kwa mpiga piano. Wenzake wa Ulaya huanza na miaka 5. Akapata ufadhili wa kusoma Sofia, Bulgaria. Akiwa kule, serikali ya kikomunisti ikaanguka, masomo yakakatika, akajikuta hana msaada ugenini. Akaenda kutafuta hifadhi, na wapi? Italia, nchi ileile iliyomfunga Emahoy. Huko alisaidiwa na mabruda wa Kikatoliki mpaka akaweza kurudi Sofia kumaliza. Mwaka 1995 akarudi nyumbani, akafundisha katika shule ileile iliyomlea, na tangu hapo anapiga katika kumbi za Afrika na Ulaya: Chopin kwanza, kisha Schumann, kisha anatoa ya kwake mwenyewe, iliyojaa filimbi za wachunga kondoo. Ana bahati ya kuinama mbele ya watu. Nampenda, lakini nikiambiwa nichague wa kusikiliza usiku umeme umekatika, nachagua mtawa.

Sasa kuhusu ninyi.

Hapa kwetu nimeona vyombo vingi. Tangu mwaka 2014, Menes La Plume, mshairi wetu kutoka Kongo, alipoanzisha Tamasha la Tumaini, nimeona magitaa, ngoma za Burundi, vinanda vya umeme, watu wa Lilongwe wakija kwetu badala ya sisi kwenda kwao. Piano ya nyuzi sijaiona. Lakini kile kinanda cha kwaya kanisani mnakijua, kile kinachotumia betri ya sola. Kina vibao 61. Hakina nyundo wala nyuzi, sauti yake imehifadhiwa kwenye umeme, na kibao cha mwisho upande wa kulia kimekufa tangu mvua za mwaka juzi. Kinatosha.

Kitazameni vizuri. Vibao vyeusi vimekaa kwa makundi: viwili, vitatu, viwili, vitatu. Tafuta kundi la vitatu. Anza na kile cha kushoto, bonyeza vyote vitatu kwa zamu, kisha nenda kwenye viwili vinavyofuata. Vitano. Usiguse cheupe hata kimoja. Hiyo, wajukuu, ni mojawapo ya sura za tizita, ngazi kamili, imelala pale kila Jumapili huku mpiga kinanda wetu akiirukaruka bila kuijua. Ukitembea juu ya vyeusi peke yake huwezi kukosea. Panda, shuka, simama kwenye kimoja, rudi nyuma hatua mbili.

Mwezi uliopita nilimkalisha mjukuu wangu wa kike, ana miaka 9. Alianza kwa kidole kimoja, ulimi nje. Baada ya muda akaongeza cha pili. Hakuwa anapiga wimbo wowote, alikuwa anazurura tu. Mlangoni nikamwona mama wa kahawa, sinia kichwani, amesimama. Hakuingia. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Nani kamfundisha?" Nikamjibu hakuna. Akasikiliza kidogo, akasema, "Mwambie asiende haraka," akaondoka na vikombe vyake vikigongana.

Kwaya inafanya mazoezi Jumamosi saa nane mchana, na wakishafika hao hampati nafasi. Njooni saa saba. Nimeshaongea na mwenye ufunguo. Ila mnawe mikono kwanza, maana safari iliyopita kuna mtu alikuja na mafuta ya mandazi, na vibao vyeusi vilikuwa vinateleza mpaka Jumapili.